Hana mapigo, lakini anadunda mtaani!

Na Mwandishi Wetu wa Afya

UKIMSHIKA mkono kutafuta mapigo, hupati kitu. Ukimfunga mashine ya kawaida ya kupima presha, inajaza upepo, inatoa upepo, inahangaika weee, mwisho inagoma. Daktari akimwekea kipimo cha masikioni kifuani, badala ya ule mdundo tuliouzoea anasikia mvumo tu, kama wa jokofu usiku wa manane.

Mtu wa namna hiyo, kwa akili zetu za kawaida, mahali pake ni mochwari. Lakini huyu yuko sebuleni kwake. Anakula, anacheka, anagombania rimoti na mkewe, na jioni anatoka kunyoosha miguu. Kiunoni ana kidude chenye taa, na mabegani amening'iniza betri mbili.

Hapana mpenzi msomaji, hizi si hadithi za mazimwi. Huyo ni mtu aliyewekewa pampu ndani ya kifua ili imsaidie moyo uliochoka. Wako maelfu duniani, wengi wao Marekani na Ulaya.

Sasa swali la leo ni hili: kama mapigo hayashikiki, presha haipimiki kirahisi na mdundo hausikiki, daktari anajuaje kwamba mgonjwa wake yuko salama? Jibu ni kipimo ambacho akina mama wengi wanakifahamu tangu walipokuwa wajawazito. Ultrasaundi! Ikielekezwa kwenye moyo, wataalamu huiita eko.

Mheshimiwa aliyeishi kwa betri

Kama unadhani mambo haya ni ya watu wasiojulikana, basi mkumbuke Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani chini ya George W. Bush. Mzee huyo moyo ulimsumbua maisha yake yote ya utu uzima. Shambulio la kwanza la moyo lilimpata mwaka 1978 akiwa na miaka 37 tu, na jumla yalifika matano.

Mwaka 2010 moyo ukaishiwa nguvu kabisa. Julai mwaka huo madaktari wakampasua na kumwekea pampu. Aliishi nayo miezi 20, akitembea na betri zake, mpaka Machi 2012 alipopandikizwa moyo wa mtu mwingine akiwa na umri wa miaka 71. Alifariki Novemba 2025, akiwa na miaka 84.

Piga hesabu mwenyewe. Mtu aliyekuwa anahesabiwa siku aliongezewa miaka zaidi ya 15. Hiyo si bahati nasibu. Ni kazi ya pampu, ya moyo mpya na ya watu waliokuwa wakichungulia kifuani mwake kila mara kuona kinachoendelea.

Kisima, pampu na bomba

Hebu tuelewane kwanza pampu yenyewe inafanya nini. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Chumba cha chini upande wa kushoto ndicho mbeba mizigo wa nyumba nzima, kwani ndicho kinachosukuma damu kwenda kichwani, kwenye figo na mpaka kwenye vidole vya miguu. Kikilegea, mtu anakosa pumzi, anavimba miguu, na usiku analala amekaa kama mlinzi wa duka.

Pampu haiondoi moyo. Moyo unabaki palepale. Mdomo wa pampu unatobolewa kwenye ncha ya chumba hicho cha kushoto, unanyonya damu, kisha bomba linaipeleka kwenye mshipa mkuu wa mwili, yaani aota. Waya mmoja unatokea tumboni kwenda kwenye kidude cha kuongozea mitambo, na hapo ndipo betri zinapochomekwa.

Pampu za zamani zilikuwa zinapiga kwa mdundo kama moyo wenyewe, lakini zilikuwa kubwa na zikichakaa haraka. Hata hivyo zilithibitisha jambo. Utafiti wa wagonjwa 129 uliotangazwa mwaka 2001 huko Marekani ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, 52 kati ya kila 100 waliowekewa pampu walikuwa hai. Waliotibiwa kwa dawa peke yake? Walikuwa 25 tu kwa kila 100.

Baadaye zikaja pampu ndogo zinazozunguka mfululizo kama pangaboi. Na hapa Afrika ina mkono wake! Daktari mmoja Mmarekani, Richard Wampler, alipokuwa Misri miaka ya 1970 aliwaona wanakijiji wakipandisha maji kwa parafujo kubwa inayozungushwa ndani ya bomba. Wazo likamganda kichwani. Mwaka 1988 pampu yake ndogo ya mtindo huo iliwekwa kwa mgonjwa wa kwanza kule Houston, na ikathibitika kwamba damu inaweza kuzungushwa bila kupondwapondwa.

Leo pampu inayowekwa zaidi ni HeartMate 3, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017. Pangaboi lake haligusi kitu, linaelea katikati ya sumaku. Katika utafiti mkubwa uliolinganisha pampu hiyo na mtangulizi wake, wagonjwa 58 hivi kwa kila 100 waliokuwa na HeartMate 3 walikuwa hai miaka mitano baadaye. Mshindani wake mkubwa, pampu iitwayo HVAD, iliondolewa sokoni Juni 2021, ingawa wapo waliobaki nayo vifuani.

Kwa kuwa damu inapita mfululizo bila kusukumwa kwa vishindo, ndiyo maana mapigo yanakuwa hafifu au hayashikiki kabisa. Kumbe hakuna uchawi!

Kioo cha mashine kinaweza kukudanganya

Sasa utasema, basi si waangalie tu kile kidude cha kiunoni? Kina kioo, kinaonyesha spidi, kinaonyesha umeme unaotumika, kinaonyesha hata lita za damu zinazopita kwa dakika. Tabu iko wapi?

Tabu ni kwamba hizo lita si za kupimwa, ni za kukadiria. Mashine inaangalia spidi na umeme, halafu inapiga hesabu. Bonge la damu likiganda ndani ya pampu, pangaboi linapata shida kuzunguka na umeme unaotumika unapanda. Mashine, maskini, inadhani kazi imekuwa nzuri, inaandika kwamba damu inapita kwa wingi! Kumbe ukweli ni kinyume chake, mgonjwa anazama.

Mashine inajua habari za mashine. Haijui habari za moyo. Ni kama kumuuliza dereva wa lori la maji kama mtaa una maji. Atakwambia safari ngapi amepiga, lakini kama ndoo za watu zimejaa hajui.

Ndipo eko inapoingia uwanjani.

Chombo kilichotoka kwenye karakana ya meli

Eko yenyewe ina historia tamu. Mwaka 1953 kule Lund, Uswidi, daktari wa moyo Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walikuwa wanatafuta njia ya kuuona moyo bila kumchana mtu. Wakasikia kwamba kwenye karakana ya meli mjini Malmö kuna mashine ya mawimbi ya sauti inayotumika kukagua chuma kama kina ufa. Wakaijaribu, wakaazima mashine ya namna hiyo, wakaielekeza kifuani, na Oktoba 29, 1953 wakarekodi moyo ukicheza.

Utaratibu wake mpaka leo ni uleule wa popo gizani. Kifaa kinatoa sauti kali ambayo sikio la binadamu haliisikii, sauti inagonga kuta za moyo, inarudi, na kompyuta inachora picha. Hakuna mionzi, hakuna sindano, ni jeli ya baridi kifuani basi. Mgonjwa mwenye pampu haruhusiwi kuingia kwenye mashine ya MRI kwa sababu ya sumaku na chuma alicho nacho. Lakini eko inafanyika pembeni ya kitanda chake, hata kila siku ikibidi.

Mambo manne anayoyachungulia mpimaji

Usidhani mpimaji anaangalia tu na kusema "safi, nenda nyumbani". Ana maswali yake, na kila swali lina uzito wa uhai wa mtu.

Kwanza, ukubwa wa chumba cha kushoto. Kikiwa kimetanuka mno, pampu haifui dafu, spidi iko chini au kuna mahali pameziba. Kikiwa kimesinyaa kupita kiasi, pampu inavuta kuliko damu iliyopo. Aliyewahi kuweka pampu kwenye kisima kisicho na maji ya kutosha anaelewa. Inaanza kunyonya tope. Kwenye moyo hakuna tope, kuna ukuta. Pampu inavuta nyama ya moyo, mdomo unaziba, na moyo unaanza kupiga ovyo ovyo.

Pili, ukuta wa kati unaotenganisha kushoto na kulia. Ukuta huu unatakiwa usimame wima. Ukiwa umeinamia kulia, upande wa kushoto umejaa damu. Ukivutwa kushoto, spidi imezidi, au upande wa kulia umelemewa. Hapo ndipo patamu, kwa sababu pampu inasaidia upande wa kushoto tu. Upande wa kulia unaendelea kujitegemea, na ndio unaoleta damu ambayo pampu itaisukuma. Kulia kukifa ganzi, pampu itasukuma nini?

Tatu, valvu ya aota, ule mlango wa kutokea damu kwenye chumba cha kushoto. Pampu ikifanya kazi yote, mlango huu haufunguki kabisa. Na mlango usiofunguliwa, msomaji wangu, unapata kutu. Vibawa vyake vinaweza kugandana, damu inaweza kulala na kuganda hapo karibu, na kwa wagonjwa wengine valvu inaanza kuvuja. Ikivuja, damu iliyosukumwa kwenye aota inarudi chumbani, pampu inaivuta tena, inaisukuma tena, inarudi tena. Mchezo wa kuteka maji kwa pakacha! Ndiyo maana mpimaji anahesabu: valvu inafunguka kila pigo, mara mojamoja, au haifunguki kabisa?

Nne, mdomo wa pampu na bomba la kutokea. Hapa anatumia Dopla, ufundi wa ultrasaundi unaopima kasi ya damu. Kwenye mdomo, kasi ya kawaida haizidi mita moja na nusu kwa sekunde. Ikipanda sana, mdomo umebanwa na ukuta au kuna kitu kimeziba. Bomba la kutokea nalo linakaguliwa kama limejikunja.

Dopla hiyohiyo ndiyo inayopima presha. Mkono unafungwa kama kawaida, lakini badala ya kusikiliza mapigo, mhudumu anasikiliza mvumo wa damu ukirejea. Madaktari wengi hupenda presha hiyo isizidi 90, maana ikipanda hatari ya kiharusi inapanda nayo.

Kazi yenyewe si lelemama. Pampu ni chuma, na chuma kinatia kivuli kwenye picha. Mpimaji lazima ajue kuinamisha mkono na kutafuta upenyo. Na kila picha lazima iandikwe pampu ilikuwa spidi gani na presha ilikuwa ngapi. Bila hivyo, picha ya leo haiwezi kulinganishwa na ya mwezi ujao.

Mtihani wa spidi

Basi spidi gani inamfaa mgonjwa? Hakuna jibu la jumla. HeartMate 3 huzunguka kati ya mara 3,000 na 9,000 kwa dakika, na wengi wanawekwa kwenye 5,000 hadi 6,000. Lakini mama mwembamba wa kilo 50 na baba wa kilo 110 hawawezi kuvaa kiatu kimoja.

Kwa hiyo kunakuwa na mtihani. Mgonjwa analala, eko iko kifuani, na mtaalamu anapandisha spidi kidogo kidogo. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitangaza utaratibu wao mwaka 2012 kwa pampu ya HeartMate II: anza na mizunguko 8,000, ongeza 400 kila baada ya dakika mbili, mpaka ufike 12,000 au mpaka chumba kianze kunyonywa. Kila hatua wanapima upya chumba, ukuta na valvu. Kabla ya kuanza lazima wahakikishe dawa ya kuzuia damu kuganda imefanya kazi na hakuna bonge linaloonekana, wasije wakalifyatua likaenda kichwani.

Mtihani huo unatoa majibu mawili kwa mpigo mmoja. La kwanza, spidi nzuri ni ile inayoacha ukuta wa kati wima, chumba kimepungua, na valvu inafunguka angalau mara mojamoja. La pili, kama spidi inapanda lakini chumba hakipungui, basi ndani ya pampu kuna mgogoro. Huenda damu imeganda. Hapo hakuna longolongo, mgonjwa halali nyumbani.

Ratiba nayo ipo. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa eko wa Marekani, uliotolewa mwaka 2015, unashauri eko ya kwanza wiki mbili hivi baada ya upasuaji au kabla ya kutoka hospitalini. Kisha mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Baada ya hapo, kila miezi 6 hadi 12. Hiyo ni kwa mtu asiye na tatizo. Mwenye kizunguzungu, pumzi fupi, mkojo mweusi au mashine inayolia, hangoji tarehe.

Moyo uliodhaniwa umekufa

Sasa nakupa kipande kitamu kuliko vyote. Pampu wengi wanaijua kama daraja la kungojea moyo wa kupandikizwa, au kama mwenzi wa kuishi naye mpaka mwisho. Lakini kuna njia ya tatu ambayo haisemwi sana. Kuna mioyo inayopona!

Moyo ukipumzishwa, huku mgonjwa akila dawa zake sawasawa, mara nyingine misuli inarudisha nguvu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020, uliofanywa kwenye vituo sita Marekani, ulichukua wagonjwa 40 wenye pampu, ambao mioyo yao haikuharibiwa na kuziba kwa mishipa. Wakapewa dawa kwa nguvu, na mara kwa mara wakapimwa eko pampu ikiwa imeteremshwa spidi mpaka isaidie kidogo sana. Wagonjwa 16 kati ya hao 40 walitolewa pampu ndani ya miezi 18, na mwaka mmoja baadaye walikuwa hai bila kuhitaji pampu nyingine wala moyo wa mtu.

Fikiria hilo. Mtu alikuwa amejiandaa kulala na waya tumboni maisha yake yote, na asingeweza kujua mwenyewe kwamba moyo wake umeamka. Mwili haumwambii, kwa sababu pampu inamfanyia kila kitu. Kioo cha mashine hakimwambii. Ni eko peke yake, spidi ikiwa chini, inayoonyesha ule moyo ukikunja ngumi na kusukuma wenyewe. Asiyepimwa kwa namna hiyo anaweza kukaa na pampu, na hatari zake za kiharusi, kutokwa damu na uchafu kuingia kwenye tundu la waya, huku ana moyo mzima.

Na sisi huku je?

Najua kuna msomaji anayeguna: "Mambo ya Wazungu hayo, sisi pampu tutaitoa wapi?" Swali zuri. Pampu ni ghali, inataka upasuaji mkubwa, umeme wa uhakika na timu inayopatikana usiku na mchana.

Lakini eko si ya Wazungu. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 inafanya kipimo hicho kila siku. Na lile swali kuu la mwenye pampu, kwamba moyo unasukuma kiasi gani leo ukilinganisha na jana, ndilo swali la mama aliyetanuka moyo baada ya kujifungua. Ugonjwa huo tunao sana Afrika, na wengi wanapona kwa dawa. Moyo mzima hutoa kiasi cha asilimia 55 hadi 70 ya damu iliyomo chumbani kila unapopiga. Wanaofikia hatua ya kuhitaji pampu mara nyingi wako chini ya 25.

Kosa linalofanyika ni hili. Mtu anapimwa mara moja, anapewa dawa, anapata nafuu, anakunja karatasi ya majibu na kuifungia maandazi. Daktari alisema rudi baada ya miezi mitatu, yeye anasema "mbona niko fiti?" Msomaji wangu, wale wa Marekani nao walikuwa wanajisikia fiti, na ndani yao valvu ilikuwa inavuja taratibu au moyo unapona kimyakimya, hawana habari.

Kwa hiyo kama wewe au mzee wako mmewahi kuambiwa moyo umetanuka, fanyeni mambo matatu tu. Mosi, tunza kila karatasi ya eko, hata iwe ya miaka mitano iliyopita. Pili, tarehe ya kurudi iheshimu kama tarehe ya harusi. Tatu, usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Muulize daktari kwanza, naye atazame moyo kabla ya kukujibu.

Moyo, jamani, una tabia ya kuficha. Unaweza kucheka nje na kulia ndani, na pengine unapona wakati mwenyewe umeshakata tamaa. Dawa yake ni kuuchungulia.

Kwa leo tuishie hapo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tukutane ukurasa huu huu.